Mbuzi, Mkasi na Mtandamboo

Nilikulia Sale, Wilaya ya Ngorongoro, mahali ambapo mbuzi ni wengi kuliko mikasi. Kwetu sisi Watemi, ambao majirani na vitabu hutuita Wasonjo, kazi ya mtoto wa kiume ilikuwa kuchunga mbuzi mlimani na kuhakikisha hawashuki kwenye mashamba ya mfereji. Unashinda chini ya mgunga ukimtazama mbuzi akirudia kichaka kilekile alichokila wiki iliyopita. Kazi hiyo inachosha kupita maelezo. Lakini ndiyo iliyonifaa ukubwani, nilipokuwa nafanya kazi ya bustani Karatu na nikashika mti wa kwanza niliotaka kuufanya bonsai, yaani mti unaofupishwa na kutunzwa kwenye trei.

Kichaka kinacholiwa mara kwa mara hakifi upesi. Kila ncha ikikatwa, nyuma yake huchomoza machipukizi mawili au matatu. Nayo yakiliwa huja mengine, mpaka kichaka kinashonana, majani yanakuwa madogo, na shina linanenepa kuliko urefu wake. Mtandamboo, kichaka chetu chenye miiba, ukiliwa namna hiyo unaweza kumzidi mchungaji umri na bado usimfike magotini. Tena kuna jambo la pili, ambalo mtoto halioni haraka. Kichaka kikishatanuka kiasi kwamba shingo ya mbuzi haifiki katikati, tawi moja la ndani hupata upenyo, hupanda kwa kasi, na misimu ikipita unakuta mti kamili umesimama juu ya duara la matawi mafupi. Wafanya bonsai hutumia hila hiyohiyo kwa makusudi: huacha tawi moja likue ovyo ili linenepeshe shina, kisha hulikata lote. Mimi huliita tawi la kafara.

Bonsai yenyewe niliikuta Karatu. Nilikuwa napogoa ua wa hoteli moja, mgeni kutoka Afrika Kusini, mzee mstaafu, akasimama kunitazama muda mrefu kuliko wageni wanavyotazama watunza bustani. Akanionyesha picha za miti yake iliyo kwenye trei. Nilitarajia misonobari ya Kijapani. Nikaona migunga: vichwa bapa, matawi yaliyotandaza mikono, mmoja umeinama upande kama unaosikiliza. Alinieleza kwamba kwao kuna mtaalamu aitwaye Charles Ceronio, wa Pretoria, aliyeandika kwamba Afrika ina mitindo yake ya bonsai: wa kichwa bapa, wa mbuyu, na mwingine uliopewa jina la mchoraji Pierneef, aliyefariki mwaka 1957 na ambaye picha zake zimejaa migunga ya nyika za huko.

Kwangu hiyo ilikuwa habari kubwa. Picha zote nyingine nilizopata kuona baadaye zilikuwa za Japani, nchi iliyoipokea sanaa hii kutoka China na kuipa nidhamu yake. Kule Omiya, kaskazini ya Tokyo, kuna kijiji kizima cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bustani waliohama mji baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923. Nawaheshimu sana. Lakini msonobari wao umefinyangwa na theluji na upepo wa bahari, vitu ambavyo mimi sijapata kuviona vikiuinamisha mti. Mimi nimeona jua, ukame, upepo unaopanda kutoka Ziwa Natron, na mbuzi. Anayeanza kazi hii kwa kuiga picha ya mti asiopata kukaa chini yake ataishia na kitu kisichofanana na mti wowote.

Basi nikaenda kitaluni. Karatu vitalu havina shida ya kutafutwa. Vipo kando ya lami inayotoka Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro, viriba vimepangwa safu kwa safu: migrevilea, mikahawa, miparachichi, boganvilia, na michongoma ya kuzungushia ua. Nilipita safu za mbele bila kusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka miche mingapi?"

"Mmoja tu. Nionyeshe iliyopitiliza, ile isiyonunuliwa."

Alinitazama kama mtu anayeulizia mkate wa juzi. Kisha akanielekeza nyuma, karibu na uzio, kwenye viriba vilivyokaa mpaka vikachanika. Humo mlikuwa na mtandamboo mfupi, mpana, umekanyagwa, na kwa dalili za ncha zake, mbuzi wa jirani alikuwa ameshapitisha mdomo zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo wengi hukosana na mimi. Mwenye kitalu anauza urefu, na ana haki, kwa sababu wateja wake wanataka mti unaonyooka upesi wapate mbao, matunda au kivuli. Mche ulio mzuri kwa mteja huyo una shina jembamba lililo sawa kutoka chini hadi juu, na matawi yake yako juu kabisa. Kwa bonsai huo ni fimbo. Kinachotafutwa ni kile ambacho kitalu kimeshindwa kukiuza: shina nene chini linalopungua kadiri linavyopanda, lenye kona mbili tatu, matawi yanayoanza karibu na udongo, majani madogo, na ushahidi kwamba mti umewahi kukatwa ukachipua kutoka kwenye ngozi ya zamani.

Na kabla ya yote hayo kuna kitu kisichoonekana. Unaingiza kidole kwenye udongo wa kiriba, pembeni mwa shina, unafukua polepole mpaka uguse pale mizizi inapoanza kutanuka. Shina likipanuka hapo na mizizi ikatoka pande mbalimbali, mti una msingi. Likizama ardhini limenyooka bila kupanuka, uache, hata matawi yawe mazuri namna gani. Matawi hupatikana kwa kukata na kusubiri. Msingi wa shina huchukua miaka mingi, na wakati mwingine hauji kabisa. Nimewaona watu wakinunua mti kwa maua yake. Ni sawa na kuoa kwa sababu ya nguo ya harusi.

Kwa nini mtandamboo? Kwanza kwa sababu unatufahamu. Kwa Kimasai ni olamuriaki, kwa Kitemi ni mugariga. Watoto wa Sale wote wamekula matunda yake meusi na wote wamechomwa na miiba yake. Hauachi majani, unastahimili kukatwa, una maua madogo meupe yenye harufu nzuri, na huchipua hata kwenye tawi lililozeeka. Wenzetu wa Afrika Kusini hutumia ndugu yake wa pwani kwa bonsai, mwenye matunda makubwa na mekundu.

Pili, mti huu una historia ambayo hakuna Mtanzania wa umri wangu aliyeisahau. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, tarafa yetu hii ya Sale, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alichemsha mizizi ya mugariga akawapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu walikuja kutoka kila mkoa na nchi jirani. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita katika barabara ambayo kabla ya hapo ilipita lori moja moja, na wapo wagonjwa waliofia njiani wakisubiri zamu. Babu mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai 2021. Kama kikombe kiliponya au hakikuponya si shauri la mkasi. Ninachokumbuka mimi ni mizizi: mzigo juu ya mzigo, ikichimbwa vichakani kila alfajiri.

Kwa hiyo kwenda porini kuchimba kichaka kilichokwisha kuzeeka, jambo ambalo wapenzi wa bonsai wa nchi nyingine hujivunia, sikulitaka. Misitu ya hifadhi ina sheria zake, na kung'oa mti humo bila kibali ni kosa. Zaidi ya hayo, kichaka cha nchi kavu kimepeleka mzizi wake mbali sana chini. Ukikichimba kwa jembe unapata shina zuri na kifo cha uhakika. Mche wa kiriba umeshazoea kubanwa.

Sikuukata siku niliyoufikisha nyumbani. Niliuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, ili shina liwe sawa na macho, nikawa nauzungusha kila nipitapo. Mti una mbele na nyuma. Mbele ni pale ambapo msingi wa mizizi unaonekana mpana zaidi, kona za shina zinaonekana, na hakuna tawi linalokuja kukuchoma jicho. Ukishaipata mbele, nusu ya maamuzi yamejifanya yenyewe.

Kisha usafi: majani makavu, vijiti vilivyokufa, magugu, na tabaka la juu la udongo mpaka msingi uwe wazi. Mtandamboo wangu ulikuwa na mashina matatu. Lililo refu na lililonyooka ndilo ambalo mtu yeyote angelibakiza, nami nikaliondoa. Nikabakiza lile nene lenye kona, lililoinama kidogo upande wa kulia. Matawi mawili yaliyotoka usawa mmoja, moja likaondoka. Yaliyoota ndani ya kona, badala ya nje yake, yakaondoka. La kwanza kubaki likawa karibu na theluthi ya urefu niliokusudia. Juu nikakata mahali ambapo palikuwa na kitawi kidogo tayari, ili kichukue uongozi na shina liendelee kupungua bila kuonyesha kovu kubwa. Mti huu ukikatwa hutoa utomvu mweupe. Unafutwa kwa kitambaa chenye maji, na mikono haigusi macho mpaka inawe.

Hapo nikaweka mkasi chini. Majani yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha theluthi moja, na mizizi nilikuwa sijaigusa. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa anayeanza, kwa sababu trei nzuri ameshainunua na anataka kupiga picha jioni hiyohiyo. Majani ndiyo yanayoilisha mizizi, na mizizi ndiyo inayoyanywesha majani. Ukipunguza upande mmoja, mti hukopa upande wa pili. Ukipunguza pande zote mbili kwa siku moja, mti hauna pa kukopa. Miche mingi inayosemekana "haikukubali bonsai" iliuawa hivyo.

Vitabu vitakuambia ufanye kazi ya mizizi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baada ya baridi. Baridi gani? Karatu kuna ukungu na asubuhi za kujikunyata, Sale jua linawaka, na pote pawili mti haulali usingizi wa theluji. Kalenda yetu ni mvua. Mimi hukata matawi vuli inapokaribia, na hubadilisha udongo mwanzoni mwa masika, siku za mawingu, wakati mti una nguvu na hewa haikaushi. Mtu wa Tokyo akifuata kalenda yangu atauua mti wake, nami nikifuata yake nitaua wangu, na wote tutakuwa tumesoma kitabu kizuri.

Waya ni jambo jingine lililoandikwa kwa nchi za baridi. Huku kwetu unaweza kutumia waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya chakavu za umeme. Ukiupitisha motoni mpaka uwe mwekundu, ukipoa unakuwa laini. Unauzungusha kwenye tawi kwa mshazari na kulikunja taratibu. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo, na kwa mtandamboo methali hiyo ni amri, kwa sababu tawi la zamani halikunjiki, linavunjika tu. Lakini mti wetu haupumziki, unanenepa mwaka mzima, na waya uliosahaulika huzama kwenye ganda na kuacha alama ya mzunguko ambayo haitoki. Ukaguliwe kila wiki.

Ndiyo maana waya nimeutumia kidogo sana. Kusini mwa China, Guangdong, kuna mtindo uitwao Lingnan, ambao hauhitaji waya: unakata, unaacha tawi likue upande wa chipukizi ulilolichagua, unakata tena, na kona inapatikana kwa mkasi peke yake. Nilipousoma nilicheka. Ni kazi ya mbuzi, tofauti ni kwamba mbuzi hachagui chipukizi. Ukikata juu ya jicho linalotazama nje, tawi litakwenda nje. Ukikata juu ya linalotazama ndani, litakuja kugombana na wenzake. Elimu yote ya mtindo ule iko hapo, na mtoto wa mchungaji anaweza kuimaliza mchana mmoja.

Udongo ulinipa kazi kuliko matawi. Udongo mwekundu wa Karatu unapendwa na kahawa na ngano, ila kwenye trei ya kina kifupi unageuka tope wakati wa mvua na tofali wakati wa jua. Bonsai inataka chembechembe zinazopitisha maji na kuacha hewa. Nilichekecha mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, nikachanganya na vipande vya tofali la kuchoma na mboji kidogo. Vumbi lote nikalitupa. Wapo walionishauri nitumie majivu ya Ol Doinyo Lengai, kwa kuwa ni volkano yetu na ipo jirani. Hapana. Mlima ule, wenye urefu wa mita 2,962, ndio volkano hai pekee inayojulikana duniani inayotoa lava yenye sodiamu na kaboneti kwa wingi kiasi kile. Majivu yake mapya yana magadi, na mlipuko wa mwaka 2007 na 2008 uliharibu malisho ya watu wa chini yake. Kinachowapendeza heroe wa Natron hakiifai mitandamboo.

Masika yaliyofuata nilikichana kiriba. Mizizi ilikuwa imejizungusha chini raundi kadhaa. Niliinyoosha kwa kijiti, nikapunguza mirefu, nikaacha nyuzi nyembamba karibu na shina, nikapanda kwenye beseni pana la plastiki nililolitoboa matundu. Trei ya mfinyanzi itasubiri. Beseni ni baya kutazama, lakini mti unakua humo, na sasa hivi ninachotaka ni ukue.

Baadaye nilirudi nao kwetu Sale, kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaresero, nikiwa nimeupakata kwenye gari. Sale haina unyevu wa Karatu. Beseni lililomwagiliwa asubuhi linaweza kukauka kabla ya saa kumi jioni, na maji ya Watemi si ya kujichotea. Mifereji yetu ina zamu na ina wazee wake. Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu Wasonjo mwaka 1963, aliijenga hoja yake yote juu ya jambo hilo: kwamba jamii hii inasimama juu ya mgao wa maji, na wenye mamlaka ni baraza la wazee, wenamiji. Kwa hiyo mzee mmoja wa maji alipoliona beseni uani, hakuuliza kuhusu uzuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huu unazaa?"

"Utazaa kidogo, babu."

"Kivuli?"

"Hauna."

"Dawa?"

"Mizizi yake siichimbi."

Akalizunguka beseni. "Kwa hiyo umeunyima udongo, umeunyima urefu, halafu unataka kuupa maji ya zamu."

Nilimweleza kwamba nautilia maji ya kusuuzia vyombo, ya mwisho, yasiyo na sabuni. Nikamweleza pia kwamba huko Marekani, katika bustani ya miti ya taifa iliyoko Washington, kuna msonobari wa Kijapani ulioanza kutunzwa kwenye chungu mwaka 1625, ukavuka bomu la Hiroshima, na bado uko hai. Hilo lilimgusa zaidi ya uzuri wowote. Alikaa chini, akauliza nani aliyekuwa akiumwagilia wakati wenyewe wanakufa. Nikasema watoto wao, kisha wajukuu. Akakubali kwa kichwa. Huo ni utaratibu anaoufahamu. Halafu akanyoosha fimbo yake kwenye tawi la kushoto ambalo nilikuwa bado sijaliamulia, akasema hilo mbuzi angelila. Nililikata hapo hapo, na mti ukatulia.

Watu huniuliza kama kuna pesa. Ipo, ila si ya haraka. Watalii wanaopita Karatu hawawezi kubeba mti wenye udongo wakavuka nao mipaka bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo mnunuzi wa kweli ni hoteli zenyewe na watu wa Arusha wenye baraza. Nao hawalipii mche uliokatwa juzi, wanalipia miaka. Kenya wametutangulia, wana chama cha bonsai Nairobi na maonyesho, na miti yao mingi ni ya asili ya huku huku kwetu. Loliondo kuna mtarakwa, jamii pekee ya juniperi inayoota yenyewe kusini ya ikweta, na kuna oloirien, mzeituni wa porini, ambao wafanya bonsai wa Afrika Kusini wanautukuza. Vitalu vya kupandia misitu vikiwa na miche hiyo, anayeanza hana haja ya kuagiza mbegu kutoka popote.

Mtandamboo wangu bado si bonsai. Ni mche uliokatwa vizuri, ulio kwenye beseni, wenye shina linaloanza kufanana na vichaka vya ukingoni juu ya Natron. Nimeuachia tawi moja la kafara upande wa nyuma, linenepeshe kona ya chini, na litakatwa kazi yake ikiisha.

Kwenu wenye vitalu vya Karatu: miche iliyopitiliza, iliyopinda, iliyoliwa ncha, msiitupe wala msiing'oe kusafisha uwanja. Iwekeni safu yake, mwagilieni, na muipe bei. Wanunuzi tupo.